Bloa ya majani ya betri (Kuze, Mombasa)

Bloa ya majani ya betri ni mashine ya mkono inayovuta hewa kwa feni na kuitoa kwa kasi kupitia bomba, ili kusukuma majani makavu, vumbi na taka nyepesi hadi mahali pamoja. Huitwa pia kipulizi cha majani. Makala hii inamhusu mtu anayetaka kuinunua kwa nyumba ya Kuze, mtaa wa Mji wa Kale upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ambako nyua ni ndogo, kuta zimekaribiana na jirani yuko umbali wa dirisha. Maelezo yanayokuja ndani ya maboksi ya mashine hizi yameandikwa kwa wenye bustani pana za nyasi. Mwenye ua wa Kuze akiyafuata yalivyo atabeba mashine kubwa kuliko haja yake, na atalipia betri asiyoihitaji.

Asili

Mashine hizi zilitokana na pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa mashambani, ambazo watengenezaji wa Japani walizigeuza kuwa vipulizi. Zilienea Marekani miaka ya 1970, na malalamiko yakaenda nazo sambamba: mji mdogo wa Carmel, California, ulizipiga marufuku mwaka 1975. Wakati huo nyingi zilikuwa za petroli, zikiwa na injini za mipigo miwili zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili na kutema nje sehemu yake bila kuungua. Jiji la Washington lilikataza matumizi ya bloa za petroli kuanzia Januari 2022, na California ikazuia uuzaji wa mashine mpya za bustani zenye injini ndogo kuanzia 2024. Kilichowezesha sheria hizo ni betri ya lithiamu, iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 na kuendelezwa mpaka ikaweza kuendesha mashine nzito.

Mombasa bloa ilijulikana kwanza mikononi mwa mafundi wa kompyuta, wanaotumia ndogo za waya kutoa vumbi ndani ya vyombo. Ile ya majani hupatikana zaidi kwenye hoteli za pwani na majumba yenye bustani, Nyali na Kizingo.

Ua na majani yake

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, na upana wa vyumba ukapima nyumba nzima. Ua ukabaki kile kilichosalia katikati au nyuma. Siku hizi nyua nyingi zimepigwa saruji. Hilo ni jambo la kwanza la kuangalia, kwa sababu bloa hufanya kazi nzuri kwenye sakafu ngumu. Kwenye udongo mtupu au mchanga hupeperusha tabaka la juu, huacha mizizi wazi na kujaza vumbi chumbani. Mwenye ua wa mchanga abaki na fagio la chelewa. Njiti za mnazi huokota jani na kuuacha mchanga, kazi ambayo hewa haijui kuifanya.

Jambo la pili ni mti. Mkungu huangusha majani mapana, magumu kama ngozi, mengine yakipita sentimita 20. Yakikauka hupaa kwa pumzi ndogo, yakilowa hushika sakafu na hapo hata mashine kubwa hutaabika. Mwarobaini, unaoitwa pia mkilifi, hupukutika wakati wa kiangazi cha kaskazi. Vijani vyake ni vyembamba, huingia kwenye nyufa za sakafu na chini ya ngazi ambako ufagio haufiki. Ukiniuliza mimi, mwarobaini ndio unaompa mtu wa Kuze sababu ya kweli ya kununua bloa. Mwembe uko kati ya hiyo miwili. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mashine itakaa kabatini siku nyingi, kwa kuwa sakafu hukauka kwa taabu.

Kuna kazi nyingine inayosahauliwa: gata za paa. Majani yakiziba gata, maji husimama, na maji yaliyosimama ni makazi ya mbu aina ya Aedes anayeeneza dengi na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na 2014, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na mapema 2018. Bloa nyepesi yenye bomba la ziada husafisha gata iliyokauka kwa dakika chache. Majani yaliyooza na kuwa tope yatatolewa kwa mkono tu.

Namba za boksi

Boksi hutangaza kasi ya hewa kwa maandishi makubwa, kwa sababu kasi huvutia macho. Kasi peke yake haisemi mengi. Mdomo ukibanwa, hewa hutoka kwa kasi zaidi lakini kidogo, nayo hupiga jani moja na kuliacha rundo. Kipimo cha pili ni wingi wa hewa kwa dakika. Vikizidishwa viwili hivyo pamoja na uzito wa hewa ndipo hupatikana msukumo, unaoandikwa kwa nyutoni (N). Chukua mashine inayotoa mita za ujazo 0.2 kwa sekunde kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa: hewa ya mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 1.2, basi msukumo ni nyutoni 12 hivi. Mtengenezaji asiyeandika nyutoni wala wingi wa hewa, akaandika kasi tupu, anaficha kitu.

Kwa ua wa saruji unaovukwa kwa hatua kumi, nyutoni 8 hadi 12 zinatosha. Zaidi ya hapo ni hasara kwa nyumba yenyewe. Lipu ya chokaa iliyozeeka humomonyoka ikipigwa hewa kali kwa karibu, na vumbi lake jeupe litakwenda kwenye kila chombo cha jirani. Swichi ya kubadilisha kasi kidogo kidogo ina thamani kuliko kasi kubwa ya mwisho: ukutani unapunguza, katikati ya ua unaongeza. Uzito wa mashine pamoja na betri usizidi kilo tatu, hasa ikiwa itapandishwa ngazini kwenda kwenye gata.

Mota zisizo na kaboni hudumu zaidi, hutumia betri vizuri zaidi na hazitoi cheche. Mota ya kaboni ni ya bei nafuu, na kaboni zake hubadilishwa na fundi yeyote wa drili. Kwa matumizi ya mara mbili tatu kwa wiki, ile ya nafuu si dhambi.

Betri

Anayenunua bloa hununua betri. Mashine ni ganda lake. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe bloa ipi, bali nyumbani kuna drili gani. Makita, Bosch, DeWalt na Ryobi kila moja ina mfumo wake, na betri ya mmoja haiingii kwa mwingine. Mwenye drili ya volti 18 ya kampuni fulani anaweza kununua bloa tupu ya kampuni hiyohiyo, bila betri wala chaja, kwa bei pungufu sana.

Volti za lebo huchanganya watu. Seli moja ya lithiamu hukaa kwenye volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Seli tano zikifuatana zinatoa volti 18 za kazi, na zikitoka kwenye chaja hukaribia 21. Kampuni moja huandika 18, nyingine 20, na betri ni ileile kwa nguvu. Kadhalika 36 na 40. Zipo pia betri zisizo na jina maarufu zenye maandishi kama 88VF au 288VF. Ukizipima kwa mita utakuta volti zilezile 20 na kitu.

Ujazo halisi wa betri ni volti kuzidisha kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na Ah 4 ina wati-saa 72. Bloa ndogo ikiwa kasi ya juu hunywa wati 400 hivi, kwa hiyo itazima baada ya dakika kumi na moja. Kwa nusu ya nguvu itakwenda mara mbili ya hapo. Kwa ua wa Kuze hiyo ni zaidi ya kazi nzima. Kuijaza tena hakufiki hata sehemu ya nane ya uniti moja ya tokeni za umeme, basi gharama ya umeme isimsumbue mtu.

Betri bandia hutambulika kwa mizani. Ya volti 18 na Ah 4 huwa na seli kumi za kawaida, kila moja gramu 45 hadi 48, au tano nene za gramu 70 hivi, juu yake kuna ganda na saketi ya ulinzi. Ikiwa haifiki hata gramu 400, ndani hakuna kilichoandikwa nje. Mwenye duka akikataa kuipima, jibu limeshapatikana.

Mzigo wa Dubai

Familia nyingi za Mji wa Kale zina ndugu Dubai, Maskati au Jeddah, na mashine ndogo husafiri nao. Falme za Kiarabu zina umeme unaofanana na wa Kenya, volti 230 hadi 240 na hezi 50, na plagi ileile ya meno matatu ya mraba. Chaja ya huko huchomekwa Kuze bila adapta. Ya Marekani ni ya volti 120; isipoandikwa 100–240 itaungua siku ya kwanza.

Betri ya ziada haikubaliwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Hadi wati-saa 100 hupita bila ruhusa, kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo haisafiri na abiria. Betri ya volti 18 na Ah 5 ni wati-saa 90, inapita. Ya volti 36 na Ah 4 ni 144, inaombewa idhini. Zile kubwa za volti 56 na Ah 5 hufika 280, na zitabaki uwanjani pamoja na pesa zilizozinunua. Garantii nayo iulizwe mapema, kwa kuwa risiti ya Deira, Dubai, si lazima iheshimiwe Mombasa.

Kelele, vumbi na jirani

Watengenezaji hupima kelele kutoka mita 15, na bloa ya betri hutajwa kuwa na desibeli 60 hivi. Kuze hakuna mita 15. Kila umbali unapopunguzwa nusu huongezeka desibeli sita, basi kwa jirani aliye chini ya mita nne kelele ni 72, kabla ya kuta mbili kuirudisha. Kanuni za Kenya za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi, na usiku huanza saa mbili. Hesabu ya kanuni ni ya wastani wa muda mrefu, kwa hiyo dakika tano za bloa hazimpeleki mtu mahakamani. Ila jirani hasikii wastani. Wakati mwafaka ni saa tatu hadi saa nne asubuhi, umande umekauka na watoto wameenda shule. Wakati wa adhana na sala mashine izimwe, na Ijumaa adhuhuri isiguswe kabisa. Usiku mwiko wa wazee unatosha: kufagia usiku ni kufukuza riziki, na sijasikia mzee aliyeiruhusu bloa kwa hoja kwamba si ufagio.

Vumbi la Mji wa Kale lina chumvi, chokaa na kinyesi cha kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa kisiwani. Mwendeshaji avae barakoa na miwani. Mdomo wa bomba uelekezwe ndani ya ua, kwenye kona isiyo na dirisha, kwa kufuata upepo. Wakati wa kusi ni tofauti na wakati wa kaskazi. Kupuliza kuelekea kichochoroni, anapokaa muuza viazi karai na karai lake, ni ugomvi wa kujitakia. Rundo likishakusanyika, lizolewe kwa chelewa na kutiwa guniani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kuchoma majani katikati ya nyumba zenye boriti kavu ni hatari isiyo na faida.

Matunzo

Hewa ya bahari hula shaba. Ncha za betri zifutwe kwa kitambaa kikavu kila mwezi, na zikianza kuwa za kijani zisuguliwe kwa kifutio cha penseli. Betri isiachwe kwenye stoo ya mabati: joto la Februari na Machi huipunguzia umri haraka kuliko matumizi. Chumba cha chini chenye kuta nene za matumbawe kinafaa zaidi. Ikitoka juani ipoe kwanza kabla ya kuchajiwa, na ikiwa itakaa masika yote bila kazi iachwe nusu, isijae wala isiwe tupu.

Betri iliyochoka hufunguliwa na baadhi ya mafundi wakabadilisha seli. Kazi hiyo hufanyika vizuri seli zote zinapobadilishwa kwa pamoja na saketi ya ulinzi ikaachwa mahali pake. Fundi anayetia seli mbili mpya kati ya tatu kuukuu, au anayeiruka saketi ili betri iwake, amerudisha kitu kinachoweza kushika moto kikiwa kwenye chaja.