Mwani Unaofuata Mwanga

Katika miaka ya 1830, Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg alimchunguza yuglena kwa hadubini, akaona doa jekundu karibu na ncha ya mbele, akasadiki kuwa ni jicho. Yuglena ni seli moja tu, mkazi wa madimbwi yenye maji ya kijani. Lakini Ehrenberg aliamini kwamba hata viumbe wadogo kiasi hicho wana viungo kamili.

Theodor Engelmann, aliyefanya kazi Utrecht, Uholanzi, alitaka ushahidi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1882, alipitisha kivuli chembamba juu ya yuglena anayeogelea. Kivuli kilipogusa ncha ya mbele, yuglena alishtuka, hata kabla giza halijalifikia doa. Kivuli kikiangukia sehemu ya nyuma, aliendelea na safari yake. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya karne ile. Kinachohisi mwanga kilikuwa mbele ya doa.

Basi doa lina kazi gani? Jibu lililo wazi zaidi limetoka kwa klamidomonasi, mwani wa seli moja wenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Huogelea kwa vijimkia viwili huku ukijizungusha, kama mara mbili kwa sekunde. Doa lake la rangi ya chungwa liko ubavuni, na protini zinazohisi mwanga zimo kwenye utando unaolifunika. Mwanga ukilipiga doa kwa nje, huakisiwa na kuzirudia protini hizo. Ukija kwa kupitia mwilini, doa huuzuia. Kwa hiyo mwani unapokuwa kando ya mwanga, kila mzunguko huleta nuru, kisha kivuli, kisha nuru tena. Kalisi huingia ndani ya seli, vijimkia hupiga maji kwa nguvu tofauti, na mwani hugeuka. Ukishauelekea mwanga, kupishana huko kwa nuru na kivuli hukoma. Mwani hauoni picha yoyote. Hupima mabadiliko tu, na hayo huutosha. Mwanga ukizidi ukali, huukimbia.

Mwaka 1984, Kenneth Foster na wenzake nchini Marekani walichukua mwani wa aina hiyo uliokuwa kipofu, yaani usiohisi mwanga, wakaupa retinali, kemikali ambayo miili yetu huitengeneza kutokana na karotini iliyomo katika karoti, papai na mchicha. Mwani ukaanza tena kufuata mwanga. Retinali hiyo ndiyo itumikayo katika macho yetu.

Mwaka 2002, Georg Nagel, Peter Hegemann na Ernst Bamberg wa Ujerumani walionyesha kwamba jeni ya mwani huo ikitiwa katika yai la chura, yai likimulikwa hupitisha umeme papo hapo. Protini moja iliyotokana na jeni hiyo ilikuwa kihisi na mlango wa umeme kwa pamoja. Miaka mitatu baadaye, kundi la Karl Deisseroth na Edward Boyden liliziamsha seli za neva kwa mwanga wa buluu kwa kutumia protini ya aina hiyo.

Mwaka 2021, kundi la José-Alain Sahel na Botond Roska lilitangaza habari za mwanamume wa miaka 58, aliyepofuka kwa ugonjwa wa retina. Jicho lake moja lilidungwa jeni iliyotokana na klamidomonasi wa aina nyingine. Baada ya mazoezi ya miezi kadhaa, aliweza kulitambua na kuligusa daftari lililowekwa mezani, ingawa si kutambua nyuso. Alihitaji miwani maalumu inayomulika retina kwa mwanga mkali wa rangi ya kaharabu, kwa sababu protini itokanayo na jeni hiyo haiamki kwa mwanga wa kawaida. Ndiyo maana watafiti wanatafuta nyingine zinazoamshwa na mwanga hafifu zaidi.