Neno la Kizunguzungu Ninalo kwa Kijapani. Kwa Dholuo Sina.

Wasee, leo wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana Dani, mamake mama, aliletwa Nairobi kutoka Siaya kwa sababu ya kliniki. Mama alikuwa kazini, kwa hivyo mimi ndiye nilimpeleka. Mimi ndiye huwa nyumbani mchana: niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na sai natengeneza video. Daktari hakuwa anajua Dholuo. Akauliza shosho anasikia nini. Dani akaongea kama dakika mbili hivi. Mimi nikashika neno moja tu, wiya, yaani kichwa changu. Hayo mengine yote yalinipita. Daktari akaniangalia. Dani akaniangalia. Mwishowe mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa kwa foleni pale mlangoni, akaitwa atafsiri. Ndiyo akasema: shosho anasikia kizunguzungu akiamka asubuhi, ameshaanguka mara mbili, na hakutaka watoto wake wajue.

Siri ya nyanya yangu niliambiwa na mtu baki. Na kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba neno la kizunguzungu lilinijia haraka sana kichwani. Memai. Kwa Kijapani.

Nilianza kujifunza Kijapani 2020, shule zilipofungwa. Nilikuwa na simu, bando la usiku na anime. Herufi 46 za hiragana nilizishika kwa wiki mbili. Ukijua Kiswahili, matamshi ya Kijapani ni mteremko: irabu ni zilezile tano, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Neko, sakana, kasa, unayasoma tu kama jina la mtaa. (Kuna jina la dubu ambalo siwezi kulitamka mbele ya Dani, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Nikaanza kupost video na watu wakanisifu. Hakuna mtu hata mmoja aliwahi kuniambia, wewe, wacha hiyo lugha, itakuharibia Kiingereza.

Shikilia hapo. Tutarudi.

Kitu ambacho anime haikuniambia ni kwamba Kijapani chenyewe kiliponea chupuchupu. Mwaka wa 1872, Mori Arinori, mwakilishi wa Japani kule Washington, alimwandikia barua msomi wa lugha wa Yale, William Dwight Whitney. Mori hakuwa amefika hata miaka 25. Wazo lake lilikuwa hili: Kijapani ni maskini, nje ya visiwa vyetu hakitusaidii, kwa hivyo tuchukue Kiingereza. Tena alitaka Kiingereza kilichonyooshwa, vile vitenzi sumbufu virekebishwe kwanza. Ni kama ungekuwa unamsikiza mjomba wako sherehe ya Krismasi. Lugha ya nyumbani itakupeleka wapi?

Mmarekani ndiye alimwambia asifanye hivyo. Whitney alijibu kwamba ukisomesha taifa zima kwa lugha ya kigeni, watakaofaidika ni wachache wenye nafasi, na wananchi wengine wataachwa nyuma. Japani haikuchukua Kiingereza. Mori mwenyewe alikuja kuwa waziri wa kwanza wa elimu mwaka wa 1885. Badala ya kuhama lugha, wasomi wao walikaa chini wakaunda maneno. Nishi Amane, kwa mfano, ndiye aliunda tetsugaku, yaani falsafa. Na Kijapani hakikuwahi kuogopa kukopa. Kanji zilitoka Uchina. Pan, mkate, ni ya Wareno, walewale walioachia Waswahili meza na bendera. Arubaito, kibarua cha pembeni, ni ya Wajerumani.

Nilipenda sana hiyo historia. Nchi iliyokataa kuacha lugha yake. Nilikuwa hata nimeanza kuandika video. Halafu siku moja nikaona mzee kwa video anakaribisha wageni na neno mensōre. Nikatafuta kwenye kamusi yangu ya Kijapani. Halipo. Kwa Kijapani cha vitabuni karibu ni yōkoso. Nikachimba, nikafika Okinawa, na hapo ndipo stori iligeuka.

Visiwa vya Okinawa, kusini kabisa, vilikuwa ufalme wa Ryukyu, wenye mfalme wake na lugha zake. Mwaka wa 1879 Japani iliumaliza ufalme huo ikaufanya mkoa, na mfalme Shō Tai akapelekwa Tokyo. Lugha za huko ni ndugu za Kijapani, lakini mtu wa Tokyo akizisikia haelewi. Hata hivyo serikali iliziita hōgen, yaani lahaja. Umeona hiyo mbinu? Ukitaka kuifuta lugha ya mtu, unaanza kwa kukataa kuiita lugha.

Mwaka wa 1902 kamati ya serikali ikaundwa kushughulikia lugha ya taifa, na kipimo kikawa Kijapani cha watu wa Tokyo waliosoma. Somo lenyewe shuleni linaitwa kokugo, lugha ya taifa. Mgeni kama mimi anasoma nihongo, Kijapani. Mtoto wa Okinawa alisoma kokugo, na kama yake haikuwa kokugo, basi haikuwa kitu.

Hapo ndipo nilikutana na kitu kinaitwa hōgen fuda, kibao cha lahaja. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa shule kule Okinawa akishikwa akiongea lugha ya kwao alivalishwa kibao cha mbao shingoni. Angekivua vipi? Amshike mwenzake akifanya kosa hilohilo, ampatie.

Msee, nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Si hiyo ni diski?

Kama ulisomea shule ya Kenya unajua ninachosema. Shule yangu ya msingi ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukiongea lugha ya nyumbani unakibeba, na ukifika jioni ukiwa nacho, unalimwa. Kwa hivyo siku nzima ulikuwa unatega masikio marafiki zako wateleze. Mama aliibeba miaka ya 80. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya 1986, alieleza jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka mtoto mmoja hadi mwingine katika shule za wakoloni, na wengine wakavalishwa bamba la chuma shingoni. Huko Wales, Uingereza kwenyewe, karne ya 19, watoto wa Kiwelshi walipitia kibao cha aina hiyohiyo. Wales, Okinawa, Kenya. Nchi tatu tofauti, mchezo mmoja: mwalimu hahitaji kuwepo, watoto wanachungana wenyewe.

Na kule Okinawa haikuishia shuleni. Mwaka wa 1945, vita vilipofika visiwani, jeshi la Japani lilitoa amri kwamba atakayeongea lugha ya Okinawa atachukuliwa kuwa jasusi. Fikiria mzee asiyejua lugha nyingine. Kumwita mtoto wake tu ni hatari. Hata baada ya vita, Okinawa ikiwa chini ya Marekani hadi 1972, kuna shule zilizoendelea na kibao, na walimu wenyewe walikuwa watu wa hukohuko. Walidhani wanawasaidia watoto.

Hiyo ndiyo ilinigusa, kwa sababu mama pia alidhani ananisaidia. Alibeba diski, akaapa watoto wake hawataibeba. Kwa hivyo nyumbani kwetu Umoja tuliongea Kiswahili na Kiingereza, na Dholuo ikabaki ya simu na matanga. Diski ya shule yetu mimi sikuwahi kuibeba hata siku moja. Nilikuwa najivunia. Sasa naona ukweli wake: sikuibeba kwa sababu sikuwa na chochote cha kunyang'anywa.

Mwaka wa 2009 UNESCO ilitaja lugha nane za Japani zilizo hatarini kupotea. Sita ni za visiwa hivyo vya Ryukyu. Nyingine ni Kiainu cha kaskazini. Nchi iliyonusurika barua ya Mori iligeuka ikawafanyia wengine kile ambacho yenyewe iliogopa.

Najua komenti zinazokuja. Dholuo itakulipa nini? Kijapani angalau kina mtihani, kina kazi. Ni kweli, na siachi Kijapani. Pia sisemi lugha ya pamoja ni mbaya, si ndiyo hii naandikia. Watu wa Okinawa wangeweza kujua zote mbili, na sisi hapa mtu wa lugha tatu ni kawaida, uliza konda yeyote. Shida haikuwa kujifunza kokugo au Kiingereza. Shida ilikuwa lile sharti kwamba ndiyo uingie, lazima uache kitu kwa geti. Na hilo sharti ni la watu, kwa hivyo watu wanaweza kulivunja. Okinawa imetenga tarehe 18 Septemba kuwa siku ya lugha za visiwani, kwa sababu 9, 10 na 8 zinasomeka ku-tu-ba, na kutuba kwao ni lugha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali italinda lugha za wananchi. Lakini katiba haitampigia Dani simu.

Kwa hivyo napiga mimi. Kila Jumapili jioni, nikiwa na vile vikadi vya maneno nilivyotumia kwa kanji, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Dholuo. Wiki ya kwanza nilimwambia oyawore, habari ya asubuhi, saa moja usiku. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanirekebisha polepole: oimore.

Kadi ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kizunguzungu. Upande wa pili ulikuwa mtupu hadi yeye aliponipa neno. Sasa kliniki yake inayofuata ni mwezi ujao, na nimemwambia mama asiombe ruhusa kazini. Nitampeleka mimi.