Manamba: Walioitwa kwa Namba



Wapendwa waamini, katika kila Misa tunamtolea Mungu mkate uliopatikana kwa kazi ya wanadamu. Ni vema basi tuikumbuke mikono iliyoijenga nchi yetu.

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilisalimika 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba ya Tanga na Morogoro, hata Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mkonge uliongoza mazao yaliyouzwa nje.

Jina la Hindorf limo vitabuni. Je, waliokata mkonge ule? Walitoka Usukuma kwetu, Unyamwezi, Kigoma, Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwatafuta na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba. Ndipo wakaitwa manamba. Kipande chao kilihesabu siku 30 za kazi ndipo walipwe.

Miaka miwili kabla ya miche ile kuletwa, Papa Leo XIII alikwisha kufundisha katika Rerum Novarum kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa linalomlilia Mungu.

Leo vijana kutoka vijijini hubeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba, na mabinti hulea watoto wetu hapa Mirongo. Tujiulize: tunayajua majina yao? Na usiku huu, ujira wa nani umelala mfukoni mwetu?

Mungu awabariki.