Masafa yasiyo na umbali

Ukisimama Kalundu, bandari ya Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, jioni ukamtajia mtu "masafa", macho yake yatavuka ziwa hadi taa za Bujumbura. Ndivyo neno linavyosikika: umbali. Kwa hiyo redio ya ng'ambo inapotangaza masafa yake ya FM, wengi hudhani wanaambiwa inafika wapi. Sivyo. Ile namba ni hesabu ya mara, yaani wimbi linajirudia mara ngapi katika sekunde moja. Kwenye FM 100, umeme wa antena huenda na kurudi mara milioni 100 kila sekunde.

Shuleni Uvira fizikia hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hutoka na "frekansi". Sioni ubaya, angalau neno hilo halimpeleki Bujumbura.

Sauti nayo ina hesabu yake ya mara: shika likembe, ala ya ndimi za chuma. Chokoa ulimi mmoja wa chuma, kisha usukume ndani kidogo ili sehemu inayocheza ifupike, uchokoe tena. Sauti imekuwa nyembamba, maana chuma kifupi hutetemeka upesi zaidi. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hertzi, kwa jina la Mjerumani Heinrich Hertz; sikio la kijana hunasa kuanzia kama 20 hadi 20,000.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, kwamba hesabu ya mara si umbali, uko majini. Boti ya injini ikipita, isikilize, halafu uzamishe kichwa. Tuseme inanguruma kwa hertzi 100. Hewani sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, basi kila wimbi lina mita 3.4. Majini hukimbia karibu mita 1,500, na wimbi hurefuka hadi mita 15. Hesabu ya mara je? Ni 100 ile ile, kwa kuwa injini ni ile ile.

Sasa rudi kwenye FM 100: wimbi lake lina mita 3, karibu sawa na la injini hewani, ilhali linajirudia mara milioni moja zaidi. Masafa yangekuwa umbali, redio na boti wangekuwa mapacha.

Basi watangazaji nawaachia "masafa" yao; nikiandika kuhusu sauti natumia "marudio", na mita naziita urefu wa wimbi. Kasoro yake naijua: mpenzi wa redio akisikia "marudio", hukaa kungoja kipindi cha jana.