Kitui (mji)

Kitui ni mji wa Kenya, mashariki mwa Nairobi, na makao makuu ya kaunti yenye jina hilohilo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilitoka hapa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa. Kiongozi wa misafara aliyevuma zaidi alikuwa Kivoi wa Mwendwa. Mwaka 1849 alimkaribisha mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya. Habari za theluji yake zilibishwa Ulaya, hasa na watu wasiowahi kufika huko. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf, aliyekuwa naye, alinusurika. Nje ya mji lipo jabali la Nzambani: simulizi husema anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia.