Nani Alimwuliza Msomaji wa Mtunda?

Tulikuwa watano, wote waandishi wachanga wa Dar es Salaam, na wazo moja: kuanzisha jarida la masuala ya siku, la vijana. Kabla ya kuchapa hata ukurasa mmoja tukakubaliana tufanye utafiti kidogo, tusije tukaandika tunachokipenda sisi halafu tukakisoma wenyewe. Tukaandaa maswali 20. Temeke na Mbagala kazi ilikwenda kama mchezo. Vijana walijaza harakaharaka: mpira, muziki, siasa, mapenzi, ajira. Tukajiona tumeshamaliza.

Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye bibi yake yuko Mtunda, akasema twende na huko. Unashuka Kibiti, unapanda bodaboda, unaiacha lami nyuma yako. Kijiweni kwa fundi baiskeli nikamsomea kijana mmoja swali la kwanza: "Unapenda kusoma gazeti gani?" Hata mikono hakuisimamisha, aliendelea kukaza spoki. "Lipi, kaka? Linalofika siku gani?"

Swali letu lilikufa pale pale. Anayeulizwa anapenda lipi ni yule mwenye mawili mbele yake. Gazeti nililoliona mimi Mtunda siku ile lilikuwa nusu ukurasa, tena limefungia maandazi, na jamaa aliyeyala aliusoma mpaka pale mafuta yalipofuta maandishi.

Niliporudi mjini nikaanza kupekua historia ya magazeti yetu, nikitafuta jambo moja tu: ni lini mwenye gazeti alimwuliza msomaji wa mahali kama Mtunda anataka nini?

Wakati wa Wajerumani kulikuwa na Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa kwenye shule ya serikali Tanga. Walioliandikia wengi wao walikuwa walimu na makarani waliopita shule hizo. Lakini habari kubwa kuliko zote za zama zile haikungoja gazeti. Mwaka 1905 habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilipita Rufiji na Umatumbi kwa mdomo, mtu kwa mtu, mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Serikali yenye mtambo wa kuchapa ilichelewa kusikia kilichokuwa kinajulikana na mkulima wa pamba asiyejua herufi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, hapo hapo Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905, na vita vya Majimaji vikaendelea bila yeye. Sisemi kwamba mnong'ono ni bora kuliko gazeti. Mnong'ono nao ulibeba ahadi kwamba risasi zitageuka maji, na maelfu walikufa. Ila watu wa huku walikuwa na kiu ya masuala ya siku kabla mtu hajawaletea jarida.

Miaka kumi baadaye delta yenyewe ikawa habari ya dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye vijito vya mikoko tangu mwishoni mwa 1914, na Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Wasomaji wa London walifuatilia. Wavuvi waliosikia mizinga hiyo juu ya vichwa vyao hawakuwa na ukurasa wa kusema lolote.

Kisha Januari 1923 likaja Mambo Leo, la Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza, Dar es Salaam. Hapa naomba msomaji tukae kidogo, maana ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta, ingawa kwa mlango wa nyuma. Lengo la wakubwa lilikuwa kufundisha: kilimo bora, usafi, utii, habari za mfalme. Hawakuja na fomu ya maswali kama sisi. Lakini waliacha nafasi ya barua, ya mashairi na ya habari za miji, na wasomaji wakaingia kwa kasi. Mtu wa wilayani aliandika mvua ilivyonyesha, nani kafiwa, bei ikoje. Malenga walijibizana kwa beti, mwezi huyu swali, mwezi ujao jibu. Shaaban Robert alianza kujulikana kwa mashairi yake humo humo. Kwa hiyo aliyetaka kujua vijana wa miaka ya 1930 wanapenda nini hakuhitaji kuuliza. Angepima tu bahasha zinazoingia. Ila bahasha hutumwa na mtu ajuaye kuandika, mwenye senti ya stempu na posta ya karibu. Kimya cha delta hakikuwa na uzito kwenye mizani ile.

Na kulikuwa na mambo ambayo hata mwenye stempu asingeyaona yakichapwa kwenye gazeti la serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Jina tu lilitosha kueleza linamlenga nani.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mafuriko ya 1968 yalipopita, watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vipya vya ardhi ya juu, mbali na mashamba yao. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 nchini kote waliketi kwa vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi. Takwimu za serikali zinasema wasiojua kusoma walishuka kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi 10 mwaka 1986. Mwanza walipata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974. Kwingineko wengi walijifunza kusoma, wakamaliza kijitabu, kikawa ndicho hicho hicho.

Mjini nako vijana walijitafutia cha kwao: Sani ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na katuni za Philip Ndunguru hadi alipofariki 1986. Miaka ya 1990 magazeti ya watu binafsi yakafumuka kama uyoga, mengine yakafa kabla hujakariri jina lake. Walioamua kweli kumfuata kijana wa kijijini ni Femina, walioanza 1999, ambao mwaka 2003 walitoa Si Mchezo!, jarida la visa vya picha vilivyochezwa na watu wa vijijini wenyewe. Hilo ndilo lililotuaibisha kidogo. Njia ilishapitwa, na sisi tulikuwa bado tunauliza mtu anapenda gazeti gani.

Tukachana maswali 20. Tukarudi Mtunda na moja: "Jambo gani la kwenu hujawahi kuliona limeandikwa?"

Wavulana wengi walijibu kwa mdomo, huku wanachezea simu. Bei ya mpunga. Viboko mashambani. Dada mmoja akaomba karatasi aende nayo nyumbani. Asubuhi akaileta imejaa pande zote mbili, na pembeni kashuka na mwandiko mdogo. Ameandika juu ya mafuriko ya Aprili 2024: jinsi bibi yake alivyokataa kushuka kwenye dungu, maji yalivyokaa, na walivyopanda mlao kwenye tope yalipopungua, wakati redioni bado wanaitwa waathirika tu.

"Mtaikata?" akauliza.

Karatasi imo kwenye faili letu. Wawili kati yetu wanataka ipunguzwe iwe barua ya msomaji. Mimi na wengine wawili tunataka iwe ukurasa wa kwanza, na toleo halijaenda kwa mchapaji.