Eldoret Ilibeba Kombe Mara Tatu na Hakuna Aliyekuambia

Wasee, swali dogo. Taja timu ya mpira kutoka Eldoret iliyowahi kubeba kombe la taifa.

Nimeuliza hili swali wiki mbili sasa, Langas mpaka Kapsoya, na karibu kila mtu ananiangalia kama nimechanganyikiwa. "Hapa ni mbio tu, buda." Ni kweli, hata uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino. Lakini jibu lipo, na ni makombe matatu: Rivatex 1990, Rivatex tena 1995, halafu Eldoret KCC 1997. Enzi hizo kombe lenyewe liliitwa Moi Golden Cup. Si kombe la mtaa lile. Ukilibeba ulikuwa unapata tiketi ya Kombe la Washindi Afrika, lile lile Gor Mahia walilileta Kenya 1987.

Sasa rudia hayo majina polepole. Rivatex ni kiwanda cha nguo. KCC ni maziwa. Timu zilikuwa za kampuni. Kijana akijua mpira, anaandikwa kazi, na mshahara wake unatoka ofisi ile ile inayolipa mtu wa mashine. Kwa hivyo kwa karatasi hao wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, wafanyakazi ambao jioni wanaenda mazoezi. Kwa karatasi, nimesema. Kuna mzee jirani yetu alikuwa upande wa kufuma, na nikimuuliza straika wao alikuwa anafanya kazi gani pale ndani, anacheka tu.

Lakini usidharau huo mpango. Rivatex, yaani Rift Valley Textiles, ilianza 1976, na kwa kijana wa hapa ilimaanisha unaweza kucheza mpira wa kiwango cha juu bila kuhamia Nairobi na bila kulala njaa. Goti likiumia, bado uko na kazi. Hebu niambie ni timu gani ya mtaa leo inakupa hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila siku naambiwa nijiajiri. Hawa waliajiriwa kwa sababu ya miguu yao, na wakati huo huo wakajifunza kazi ya kiwanda.

Angalia tena ile miaka. 1995 Rivatex, 1996 Mumias Sugar, 1997 Eldoret KCC. Nguo, sukari, maziwa. Miaka mitatu mfululizo kombe la Kenya lilikaa kwa viwanda vya upande wetu huu wa magharibi. Halafu angalia viwanda vyenyewe. Rivatex ilikuwa imelala chini kufikia mwisho wa hiyo miaka ya tisini. KCC ya zamani ilianguka wakati huo huo, mpaka serikali ikaja kuichukua tena 2003, ndiyo hii New KCC unayonunua maziwa yake dukani. Mumias ilijikokota muda mrefu, lakini nayo ilifika mahali pale pale.

Watu hupenda kusema mitumba iliua Rivatex. Imechangia, hakuna ubishi. Soko lilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kitambaa cha hapa hakingeweza kushindana bei na nguo ambayo mzungu ameshaivaa akachoka. (Ninaandika hii nikiwa na jaketi ya mitumba, kwa hivyo sihukumu mtu.) Ila wakulima wa pamba nao waliachwa bila soko la maana, na mashirika ya umma ya wakati ule unajua yalivyoendeshwa. Kiwanda kikikosa pesa, kitu cha kwanza kukatwa ni jezi.

Hapo ndipo hii stori inaniuma. Gor na Ingwe wamefilisika mara ngapi? Wamekosa mishahara, wamekosa basi, wamefungiwa. Bado wapo, kwa sababu kuna watu wanasema hii ni yetu. Rivatex ilikuwa ya Rivatex. Sisi wa mtaani tulikuwa watazamaji. Kiwanda kilipofunga lango, timu ilibaki ndani.

Na ukitaka kuona tofauti, 1998, mwaka mmoja tu baada ya KCC, nani alibeba lile kombe? Mathare United, wakiwa bado hawajaingia ligi kuu. Vijana wa mtaa wa mabanda, kutoka kwa chama cha michezo kilichoanzishwa 1987, ambapo vijana wenyewe walikuwa wanaokota takataka mtaani ili timu zao zipate pointi kwenye ligi. Hawakuwa na kiwanda, manze.

Kiwanda chetu kilifufuka. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007, mashine mpya zikaja, na 2019 rais akakizindua upya. Mji nao ukawa jiji Agosti 2024. Timu haikufufuka, na sisi Jumamosi tunalipa kibandani kuangalia Arsenal. Zile timu tulizo nazo mtaani huzaliwa mwaka kabla ya uchaguzi. Mheshimiwa analeta jezi zenye sura yake, tunapiga picha, akishinda au akishindwa jezi zinageuka za kulalia. Ni ugonjwa ule ule wa Rivatex, tofauti ni kwamba Rivatex angalau walilipa mishahara.

Nataka kutengeneza video ya hii historia na sina picha hata moja nzuri. Kama babako, anko au jirani alichezea Rivatex au KCC, au aliendesha lile basi, mwombe albamu akiwa bado yupo. Piga picha mbele na nyuma, kwa sababu wazee wa wakati ule walikuwa wanaandika majina na tarehe nyuma.